Njiani Hakuna Maneno

Casilda alipofika kwenye kona ya kijiji cha Imón, alimkuta mumewe, Saturio, amelala mtaroni, kichwa chake kimelazwa kwenye mapaja ya mwanamke mwingine.

Baiskeli ilikuwa imerushwa hadi kwenye ngano, gurudumu la mbele limepinda. Mzee mwenye trekta, ambaye ndiye aliyempigia Casilda simu, alisimama kando ameshika kofia yake, akiangalia lami kwa bidii. Huku kwetu watu wote wanajuana, na mzee alishaona kwamba wema wake umezaa balaa.

Casilda hakukimbia. Alifunga mlango wa gari taratibu, akashuka mtaroni.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Noelia." Alikuwa amevaa nguo za kuendeshea baiskeli, na mkono wake mmoja ulikuwa na damu ya Saturio. "Mimi ni daktari wa mifugo, natokea Atienza. Amevunjika mtulinga. Usimwinue."

"Daktari wa mifugo. Basi umempata mgonjwa wako."

"Casi, usianze," Saturio akasema, macho ameyafumba.

"Sijaanza mimi. Nani alimwita huyu?"

Mzee wa trekta akakohoa, akasema kwamba yeye alipopita, huyu bibie alikuwa keshafika. Casilda akaelewa. Mumewe alianguka, akabaki na mkono mmoja mzima na simu mfukoni, na kwa mkono huo mmoja hakumtafuta mkewe.

Gari la wagonjwa lilipokuja, wanawake wote wawili walisogea ili waingie. Mhudumu akauliza mke ni nani.

"Mimi," Casilda akajibu. "Mpaka sasa."

Saturio na Casilda walikuwa wakiishi katika mji mdogo wa Sigüenza. Mume alikuwa fundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto, mke aliuza kwenye duka la dawa karibu na kanisa kuu. Walikutana kwenye klabu ya baiskeli ya mji, wakati huo Casilda akiwa msichana ambaye mdomo wake haukufungwa hata akiwa anapanda mlima. Siku ya kwanza walipotoka wawili tu, Saturio alimwacha aongee mpaka walipofika chini ya kuta za kijiji cha Palazuelos, kisha akamwambia kwa upole kwamba njiani hakuna maneno, barabara husikilizwa.

Casilda aliona hajawahi kuambiwa na mwanaume jambo zuri kama hilo. Alijifunza kunyamaza. Kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, walipita Carabias, wakapita mabwawa ya chumvi ya Imón, wakapanda hadi Atienza penye ngome juu ya mwamba, wakanywa kahawa, wakarudi. Alisikia upepo, minyororo ya baiskeli mbili, na pumzi ya mumewe mbele yake. Aliamini hayo ndiyo mapenzi, kwamba wao wamefika mahali ambapo maneno hayahitajiki tena.

Hospitalini, mjini Guadalajara, walimkabidhi mfuko wenye nguo na simu ya Saturio. Alikuwa ameketi pembeni ya kitanda simu ilipowaka yenyewe mkononi mwake, ujumbe kutoka kwa Noelia.

"Wamekupa kitanda? Ile hadithi utaimalizia ukipona. Barabara ya Riba ni ndefu bila sauti yako."

Casilda akaisoma kwa sauti, taratibu, mara mbili.

"Sauti gani?" akauliza.

Saturio akageukia dirisha.

"Nakuuliza, Saturio. Sauti gani?"

"Huwa tunaendesha pamoja baada ya kazi. Si kila siku."

"Na mnaongea?"

"Tunaongea."

"Njiani?"

Saturio akakunja ukingo wa shuka kwa mkono wake mzima.

"Sijamgusa, Casi. Naapa kwa kaburi la baba."

"Ungemgusa ningejua la kufanya," Casilda akasema. "Ningekufukuza, yakaisha. Hili sasa nilifanyeje?"

Alimrudisha nyumbani mkono umefungwa kifuani. Alimpikia supu ya vitunguu saumu, akamkatia mkate, akamfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Ila hakumwambia neno. Saturio akiuliza chumvi iko wapi, chumvi ilisukumwa mbele yake. Akiuliza kama amelala vizuri, alitazamwa kama mtu aliyeongea kanisani. Siku aliposhindwa kuvumilia, akamwomba aseme chochote, hata matusi, Casilda alijibu bila kugeuka kutoka kwenye jiko:

"Njiani hakuna maneno. Na nyumba hii sasa ni njia."

Mama mkwe akaja. Benita alikuwa mwanamke wa mji wa Soria, mwembamba, mwenye ulimi ambao hata padri aliuogopa. Alileta soseji, akakaa bila kuvua koti, akasema kwamba amesikia mambo kwa muuza mkate na anaona aibu. Mwanawe, alisema, ni mtu mpole. Mwanaume mpole akitafuta mtu wa kuongea naye nje, basi ndani kuna tatizo.

"Ulitaka aongee na ukuta?" akamalizia.

"Huo ukuta aliujenga yeye, mama, tofali kwa tofali," Casilda akamjibu. "Soseji zako ziweke mezani. Na mlango unaujua."

Benita akaondoka akisema hajawahi kuvunjiwa heshima namna ile. Ilikuwa kweli, kwa sababu kwenye nyumba nyingine zote walimwogopa.

Jumamosi iliyofuata Casilda alitoa baiskeli yake peke yake. Upepo ulimpiga usoni, ule wa kutoka milima ya kaskazini unaokausha midomo, lakini hasira ilimsukuma na hakukumbuka hata kubadili gia. Huko Atienza alimkuta Noelia nyuma ya nyumba yake akimchoma kondoo sindano. Noelia alimwona, akamaliza kazi yake bila haraka, akamwachia mnyama akakimbia.

"Nilijua utakuja."

"Sikuja kukupiga. Nimekuja kuuliza. Anakwambia nini?"

"Kwani yeye hajakwambia?"

"Ningekuwa hapa?"

Noelia akafuta mikono yake kwenye aproni. Alisema hawezi kudanganya, Saturio humwambia kila kitu. Kwamba anaogopa magoti yake, yatakufa kabla yake. Kwamba anachukia kazi ya mabomba. Kwamba baba yake aliwahi kumfungia ghalani siku nzima kwa sababu alilia mbele ya wageni. Casilda alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za jirani. Miaka yote hiyo, la ghala hakulijua.

"Unampenda?" akauliza.

"Nampenda. Nilikuwa nangoja akuache. Sitakuficha, maana hata wewe huna sura ya mtu wa kufichwa." Noelia akanyanyua kidevu. "Na nadhani mimi namfaa zaidi. Wewe hukuwahi hata kumuuliza kuhusu mtoto."

Casilda akashika usukani wa baiskeli.

"Mtoto yupi?"

"Yule mliyempoteza. Yule ambaye Saturio alimpa jina."

Kondoo walikuwa wakilia ng'ambo ya ukuta. Noelia alimtazama usoni, na kiburi kikamtoka palepale.

"Hukujua," akasema. "Mungu wangu, hukujua kama alimpa jina. Aliniambia anaitwa..."

"Nyamaza," Casilda akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Jina la mwanangu lisitoke mdomoni mwako. Ukilitamka, hapo ndipo nitakupiga."

Mimba ile iliharibika ikiwa imepita nusu. Casilda alikuwa amerudi nyumbani, akalala siku kadhaa, kisha Jumapili akamwona mumewe anajaza tairi upepo uani. Hakusema kitu. Naye akatoa baiskeli yake, wakaenda hadi Atienza wakarudi, na habari ile haikutajwa tena.

Sasa aliteremka kutoka Atienza bila kugusa breki. Aliingia nyumbani na viatu vyake vya baiskeli, vikigonga vigae vya sebuleni, helmeti bado kichwani. Saturio alikuwa amekaa na gazeti asilolisoma.

"Mwanangu anaitwa nani?"

Gazeti likashuka.

"Mwanangu, Saturio. Anaitwa nani?"

"Casi..."

"Daktari wa kondoo analijua. Pengine kondoo wenyewe wanalijua. Asiyelijua ni mama yake peke yake."

Saturio akajaribu kusimama, mkono ukamuuma, akarudi chini.

"Irene," akasema. "Nilimwita Irene. Nilimwona kabla hawajamchukua. Wewe ulikuwa bado umelala kwa dawa. Alikuwa na kidevu chako."

Casilda akavua helmeti, akamrushia. Ilimpata begani, upande mzima.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na hukuniambia kama ana kidevu changu."

"Ulitaka niseme lini?" Kwa mara ya kwanza Saturio naye akapandisha sauti. "Ulirudi kutoka hospitalini, hukulia mbele yangu hata siku moja. Jumapili ukapanda baiskeli, ukanifuata nyuma kama vile hakuna kilichotokea. Nilisikiliza njia nzima. Nikasema, hataki kuzungumza, basi nisimtoneshe kidonda."

"Nilinyamaza kwa sababu wewe ulinifundisha kunyamaza. Nilikuwa nalia nyuma yako, mpumbavu wewe. Toka Palazuelos mpaka Atienza nililia. Ungegeuza shingo mara moja tu ungeniona."

Saturio akafunika uso kwa mkono wake mzima. Baadaye akaichukua simu, akasema anamwandikia Noelia sasa hivi, mbele yake, kwamba yamekwisha.

"Weka simu chini. Usiniandikie barua za mtoto aliyekamatwa. Nenda ukamwambie mwenyewe kwa mdomo, kumbe mdomo unao. Ukishamaliza, nenda kwa mama yako. Hapa usirudi."

"Unanifukuza?"

"Ndiyo. Na mkono wako uliovunjika."

Alikwenda. Binamu yake alimpeleka Atienza kwa gari, na wanaosema wanajua wanasema Noelia alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, akamwambia kwamba mwanaume anayemnyima mkewe jina la mtoto wake siku moja angemnyima yeye pia. Kutoka hapo Saturio akaenda Soria, kwenye chumba chake cha utotoni, kulishwa na Benita na kusikiliza lawama za Benita.

Meseji zikaanza kuja. Za kuomba msamaha Casilda alizifuta. Kisha zikaja za namna nyingine.

"Baba alinifungia ghalani kwa sababu nililia shangazi alipokufa. Sikuwahi kukwambia."

"Siku ya harusi yetu nilitapika nyuma ya kanisa. Si kwa pombe. Niliogopa utagundua kwamba sina la maana la kusema."

"Ile sheria ya njiani niliitunga siku ile ile. Ulikuwa mwerevu kuliko mimi, ukiongea nilijiona mjinga. Kwa Noelia sikuona aibu kwa sababu sikujali atanionaje."

Hiyo ya mwisho Casilda aliisoma dukani, mteja akisubiri dawa ya kikohozi. Aliirudia nyumbani akiwa amesimama, koti halijavuliwa. Hasira haikuisha. Lakini alijibu, kwa mara ya kwanza:

"Jumapili asubuhi, kwenye chemchemi ya Palazuelos. Njoo na baiskeli na mdomo."

Saturio alifika mapema, amekonda, mkono umepona lakini bado anaulinda. Casilda hakumpa shavu la kubusu. Alisema atatangulia yeye, na atakayenyamaza atarudi Soria.

Waligombana toka kwenye kuta hadi kwenye mabwawa ya chumvi. Casilda alimwambia yote aliyoyahifadhi: kwamba alimchukia kila alipomwona mgongo, kwamba kuna mwaka alikaribia kuondoka na mwakilishi wa kampuni ya dawa, kwamba sauti ya Benita inamtia ukurutu. Saturio alimwambia kwamba naye alimchukia, kwa utulivu wake, ambao sasa anajua haukuwa utulivu. Pale kona ya Imón hakuna aliyetazama mtaro. Bibi mmoja aliyekuwa akianika shuka kwenye kamba alisimama akawasikiliza hadi wakapotea.

Chini ya mlima wa Atienza, Casilda akasimama, mguu mmoja chini.

"Nataka jina lake liandikwe," akasema. "Kwenye jiwe la baba yangu, pale makaburini. Ulimpa jina bila mimi. Kwenye jiwe tutakwenda wote."

"Tutakwenda."

"Na sijakusamehe."

"Najua."

"Utalala chumba cha nyuma. Kuhusu changu, usiniulize lini."

Saturio akaitikia kwa kichwa. Wakaanza kupanda. Mlima ule ni mkali, na mwanaume hakuwa amegusa pedali tangu aanguke. Kabla ya kona ya kwanza alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi, kichwa amekiinamisha juu ya usukani, na maneno yakamwishia. Casilda akapunguza mwendo mpaka magurudumu yao yakawa sambamba.

"Mikono yake ilikuwaje?" akauliza, bila kumtazama.

Saturio akavuta pumzi mara kadhaa.

"Midogo," akasema. "Vidole virefu. Ameikunja hivi."

Akaachia usukani kidogo kumwonyesha, baiskeli ikayumba, akaushika tena. Kisha akanyamaza, anatafuta hewa.

"Endelea," Casilda akasema. "Sijakwambia unyamaze."