Aliyezamisha Boti ya Baba Yangu

"Toka ndani ya boti yangu, muchawi weye!"

Hayo maneno yalitoka kinywani mwangu mimi, Mounira, mama ya Nuru. Niliyasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya Lualaba. Wapagazi walisikia, wauza samaki walisikia, mama wote waliokuwa wanaosha sufuria ukingoni walisikia.

Mungu anisamehe. Lakini subirini kwanza mjue nilichokiona!

Boti ya marehemu baba yangu ilikuwa inazama...

Imefungwa kamba palepale ukingoni, maji yameshafika kwenye mabenchi. Na katikati amesimama Mama Dieudonnée, kitenge amekipandisha juu ya magoti, anapanga mawe ndani. Jiwe juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayepanga mihogo kwenye kikapu.

Hakukimbia. Hakushtuka hata!

"Piga kelele, mutoto wa Moustapha," aliniambia. "Mbao haina masikio."

Ilikuwa Jumatano. Safari ilikuwa Jumamosi.

Wapendwa, kuna hasira inayoanzia tumboni, palepale ulipobebea mtoto. Hiyo ndiyo ilinishika. Nilikuwa na Nuru mgongoni, miaka miwili, na mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kurusha.

Ngoja niwaambie boti ile ilikuwa nini kwangu.

Baba alikuwa seremala wa maboti. Ndiye wa kwanza bandarini petu kusimamisha mlingoti juu ya boti ya mizigo. Watu walimcheka hadi wakashika mbavu: "Moustapha, unataka kuanika nguo pale juu?" Yeye akachukua rangi nyeupe, akaandika ubavuni jina la boti: USICHEKE.

Na moteri za wenzake zilipozimika katikati ya mto, Usicheke ilifungua tanga, ikawapita polepole. Baba anawapungia mkono.

Alipofariki, boti ilipandishwa juu, ikakaa kwenye nyasi viangazi viwili. Mbao zikakauka. Nyufa zikaachana mpaka kidole cha Nuru kinaingia.

Mume wangu Kamaldine yuko Salamabila kwenye machimbo. Nilibaki na cherehani yangu, masomo yangu ya jioni, na boti iliyokauka. Nikasema, hii nitaiamsha!

Nilishona tanga jipya la turubai, mshono mara mbili. Nikatengeneza kibanda nyuma, chenye kivuli na kamba ya kuanikia nepi, maana ninajua mateso ya mama mwenye mtoto mchanga kwenye jua la mto siku mbili mpaka Kibombo. Hilo baba hakulifikiria. Hilo lilikuwa la kwangu.

Kazi ya mbao niliipeleka kwa Mama Dieudonnée. Mume wake alikuwa seremala mwenzake baba, na yeye ndiye aliyekuwa anakalafati maboti yao yote: anachukua nyuzi za mti, anazilowesha kwenye mafuta ya mawese na utomvu, anazishindilia ndani ya nyufa kwa nyundo ya mti. Ko! Ko! Ko! Mdomo wake mkali, mkono wake taratibu.

Ubao mmoja wa chini ulikuwa umeoza, laini kama ndizi iliyoiva. Nikaagiza mpya wa mvule kutoka Wamaza. Ulisukumwa kwa baiskeli siku mbili. Ulikuwa na kifundo cha mviringo, kama jicho. Nuru alikuwa anakitia kidole na kucheka: "Mutu! Mutu!"

Kumbukeni hilo jicho.

Ndipo alipokuja Amuri, mdogo wa mume wangu, mwenye butiki pale sokoni.

"Mama Nuru, ule mama anakuchelewesha. Nyuzi? Mafuta ya mawese? Hayo ni mambo ya zamani! Mimi naweka simenti na lami, siku mbili, kwisha. Na ubao mupya nitaupigilia mwenyewe."

Mama Dieudonnée alisikia. Akaweka nyundo chini.

"Mbao kavu haizibwi na kitu kigumu, binti. Ikikunywa maji inavimba. Ikivimba na kukuta simenti, itaenda wapi? Itapasuka."

Na mimi, na madaftari yangu ya jioni kwapani, nikamjibu nini?

"Mama, dunia imeendelea."

Aaah! Nikikumbuka, ninataka kujipiga kofi.

Aliondoka bila kuaga. Amuri akaninong'oneza, "Achana naye. Iko na wivu."

Boti ikatoka nzuri! Ya bluu, inang'aa. Nikaandika orodha ya abiria kwa mkono wangu mwenyewe, mimi ambaye miaka mitatu nyuma nilikuwa ninatia dole gumba kwenye wino. Watu thelathini na mmoja. Juu kabisa niliandika Aurélie, mke wa Amuri, na watoto wao wawili, Glody na Joël, waliokuwa wanaenda kwa bibi yao Kibombo. Chini yao mimi na Nuru.

Jumanne Amuri alishika kalamu, akayakata majina yale matatu.

"Wameahirisha."

Sikuuliza. Nani anauliza jambo kama hilo?

Sasa rudini na mimi Jumatano, boti inazama.

"Nilikuambia!" Amuri alifika mbio, akapiga kelele kuliko mimi. "Muchawi huyu! Toeni mawe! Toeni maji haraka!"

Hakuna aliyesogea.

"Nyinyi vijana, ingieni!"

"Ingia weye," mpagazi mmoja alimjibu. "Mama Nuru amesema ni muchawi. Mawe ya muchawi mimi sigusi."

Amuri alitazama yale mawe. Na yeye hakuingia!

Mnaona? Tusi langu mwenyewe ndilo lililoyalinda yale mawe. Mama Dieudonnée alitoka majini, akakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akaanza kumenya karanga zake.

Nilimkaribia. "Mama, ju ya nini? Nimekukosea nini mpaka uniue hivi?"

"Rudi Ijumaa."

"Nakuuliza ju ya nini!"

"Nilikuambia kwa mudomo, ukasema dunia imeendelea. Sasa maji yatakuambia. Maji hayabembelezi mutu."

Usiku wa siku hizo mbili sikuuona usingizi, na mchana sikuuona mchana. Abiria walikuja mlangoni kuuliza safari. Kila aliyeuliza nilimwambia jina la Mama Dieudonnée, na neno lile la uchawi nililiweka tena mbele yake. Nililisema sokoni. Nililisema kisimani. Mama mmoja alikataa kumuuzia chumvi, na mimi nilifurahi... Ndiyo, nilifurahi.

Ijumaa Amuri alikuja na mjumbe wa chefu wa mji, amri mkononi: mawe yatolewe, boti ikaushwe, kesho iondoke. Bandari ilijaa watu. Aurélie naye alikuwepo, na ndoo yake ya maji.

Mjumbe alisafisha koo. "Kwa jina la..."

PAAA!

Kama bunduki! Mama mmoja alilala chini kabisa!

PAA! Tena!

Misumari ilikuwa inang'oka yenyewe. Mbao za Usicheke, zimeshiba maji siku mbili, zilikuwa zinasukumana, na simenti haikuzipa nafasi. Ubavu ukafunguka mbele ya macho yetu. Bamba la simenti likachomoka na kudondoka kama jino bovu.

Maji pale yalikuwa ya magoti.

Ya magoti, wapendwa. Kesho yake saa ile ile tungekuwa katikati ya mto, watu ishirini na wanane, na Nuru wangu akiwa kwenye kibanda nilichomshonea kwa mikono yangu.

Lakini haikuishia hapo! Mama Dieudonnée aliingia majini, akaingiza mkono pale palipofunguka, akatoka na konzi ya mbao nyeusi. Aliikamua. Ikatoa maji kama sifongo.

"Mutoto wa Moustapha. Huu ndio ubao mupya?"

Ulikuwa ule wa zamani. Ule uliooza. Umepakwa simenti juu, lami juu ya simenti, rangi ya bluu juu ya lami.

Niligeuka. "Amuri. Ubao wangu uko wapi?"

"Mama Nuru... tuongee nyumbani..."

"Uko wapi?!"

Alijibu mke wake.

"Ubao wa namna gani?" Aurélie aliuliza polepole. "Ule wenye jicho?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Uko kwenye butiki. Ndio amefanya meza mupya ya kuuzia. Jicho amelifunika na mizani."

Nilitaka kumrukia. Lakini kitu kingine kilinijia kichwani, kibaya zaidi ya wizi. Nilichomoa orodha yangu kifuani.

"Aurélie, ju ya nini mliahirisha safari?"

"Mimi? Sikuahirisha! Aliniambia boti imejaa."

Nilimwonyesha karatasi. Majina matatu, yamekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu. Ya mke na watoto wa Amuri. Na chini yake, jina la Nuru, binti wa ndugu yake, hakuligusa!

Alijua. Alijua, akawatoa wa kwake, akatuacha sisi.

Aurélie aliiweka ndoo chini. Hakulia. Alimwambia mumewe, "Usinifuate," akatangulia njia ya sokoni, na mimi nyuma yake, na mama wote wa bandari nyuma yangu.

Kwenye butiki mzee mmoja alikuwa anasubiri chumvi.

"Muko mnauza?"

"Hapana, baba. Tunahama!" Aurélie alimjibu.

Tukatoa mizani, tukatoa makopo, tukang'oa meza. Ubao wangu ulirudi bandarini juu ya vichwa vya wanawake sita, unanuka sabuni na petroli. Nuru mgongoni kwangu alinyoosha kidole: "Mutu! Mutu!" Amuri alitupita kwa pikipiki, uso chini. Kesi yake iko kwa chefu, na Kamaldine alishuka kutoka Salamabila kuisimamia, ndugu yake au si ndugu yake.

Mnadhani hasira yangu iliisha hapo? Ilihama. Ilinigeukia mimi.

Kwetu neno la uchawi halifutwi kwa kunong'ona. Mtu anafukuzwa mji kwa neno hilo, mnajua. Jumamosi, siku ya soko, nilisimama mahali palepale nilipomtukania, kuku mkononi, nikapiga kelele kwa sauti ileile:

"Mimi Mounira nilimwita Mama Dieudonnée muchawi! Nilisema bongo, uongo mutupu! Yeye ndiye aliyeokoa mutoto wangu! Aliyesikia lile, asikie na hili!"

Nililisema mara tatu. Nikaenda kulisema kisimani pia. Na kwa yule mama wa chumvi.

Mama Dieudonnée alichukua kuku, akampima uzito kwa mkono.

"Mwembamba," alisema. Akanipa nyundo ya mti. "Chuchumaa hapa. Nyuzi usizikaze sana. Achia mbao nafasi ya kupumua."

Tulikalafati wiki mbili, mimi na yeye. Tukapigilia ubao wenye jicho. Tukaizamisha Usicheke tena, mawe ndani, siku nne, na safari hii wapagazi wenyewe walituletea mawe. Tulipomwaga maji, ilikaa juu ya mto, kavu kama kikombe kwenye sahani.

Asubuhi ya safari nilikaa na orodha mpya. Wa kwanza kufika alikuwa Aurélie, amemshika Glody mkono huu na Joël mkono huu. Alinitazama usoni.

"Andika tena majina yao."

Niliandika. Juu kabisa, kwa herufi kubwa. Watoto hawakukata majina ya mtu.

Tanga likashika upepo, na bandarini hakuna aliyecheka.

Wewe unayesoma hapa na simu mkononi, nakuomba kitu kimoja. Ukimtukana mtu kwa sauti, muombe radhi kwa sauti hiyohiyo. Na anayekuambia "sio hivyo" kwa mdomo mkali, msikilize kabla ya anayekuambia "kwisha" kwa mdomo mtamu.

Mimi nilifundishwa kwa maji ya magoti. Wengine wanafundishwa katikati ya mto.