Nakala ya Pili

Mervyn Trevaskis wa mji wa Ballarat alikuwa na kanuni moja asiyoivunja: kila filamu hununuliwa nakala mbili, moja ya kutazama, nyingine ya kutunza ndani ya nailoni yake. Chumba cha nyuma kilijaa masanduku ya matoleo maalumu, kila moja na namba yake, filamu maarufu na zile ambazo hata walioziigiza wamezisahau. Wakusanyaji wenzake wote ni hivyo hivyo. Ukichana nailoni ya nakala yako ya pekee, watakuangalia kama mtu aliyekojoa kanisani.

Basi mwaka huu kampuni moja ndogo ikatoa filamu ya zamani iliyodhaniwa imepotea. Nakala mia tano tu, kila mnunuzi moja. Coral, mke wa Mervyn, aliigiza humo akiwa na miaka kumi na tisa: msichana wa kupeleka chai kwenye mkahawa wa stesheni. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Miaka arobaini na sita ya ndoa, hakuwahi kumwambia mumewe ni ipi. "Utaisikia mwenyewe," alikuwa akisema, na kucheka.

Sanduku lilifika Mei. Wakati huo Coral alikuwa anapumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni.

"Fungua tuangalie, Merv."

"Ngoja kwanza nipate ya pili. Kuna jamaa Perth anauza yake."

"Una wazimu, mzee wangu. Mimi pia ni toleo maalumu, hujui? Na wala sina nakala."

Wakacheka wote wawili. Kila Jumapili Coral aliuliza, na kila Jumapili aliambiwa angoje kidogo. Alifariki Julai. Sanduku lilikuwa rafuni, nailoni yake haina hata mkunjo.

Walimzika amevaa sweta yake ya njano. Kifungo cha juu kilikuwa kimelegea, na binti yao, Janine, alikishona upya asubuhi ile kwa uzi mwekundu, kwa sababu wa njano haukupatikana.

Jumapili ya pili baada ya mazishi, mchana, jua limejaa sebuleni, Mervyn alichukua kisu akachana nailoni. Hakuwa na habari na namba tena. Alitaka kuisikia ile sentensi, basi. Alitaka kumwona mkewe akiwa kijana, akisema kitu ambacho yeye hajawahi kukisikia. Moyo ulimuuma hata kubonyeza rimoti ikawa kazi.

Dakika ya arobaini na moja, mkahawa wa stesheni ukatokea. Mlango wa jikoni ukafunguka. Sinia ikaingia.

Aliyeibeba hakuwa msichana.

Alikuwa Coral. Coral wa Julai. Mvi zake. Sweta ya njano. Kifungo cha juu hakipo, kipande cha uzi mwekundu kinaning'inia. Akawapita waigizaji wote. Hakuna aliyegeuka. Akaja mbele kabisa, akaweka kikombe mezani, akamtazama Mervyn.

"Nilingoja, Merv," alinong'ona. "Nilingoja sana."

Akarudi jikoni. Mlango ukafungwa.

Mervyn alirudisha nyuma. Mkahawa ule ule, waigizaji wale wale. Kikombe tayari kipo mezani. Mlango haufunguki. Alirudisha tena na tena, mpaka Janine alipokuja jioni akamkuta analia kwa sauti, rimoti mkononi. Baba yake alimweleza yote, hadi habari ya kifungo. Janine akaitazama sehemu ile, akafungua kijitabu cha filamu. Jina la Coral lilikuwepo kwenye orodha ya waigizaji: msichana wa chai.

"Baba," aliuliza polepole, "Mama yuko wapi humu?"

Jumatano posta ikaleta kifurushi kutoka Perth. Ilikuwa nakala ya pili, aliyoiagiza Juni na kuisahau. Nailoni ya kiwandani, haijaguswa, mshono mzima pande zote. Ndani yake, juu ya sanduku, kulikuwa na kifungo cha njano chenye uzi mwekundu.

Janine alikigusa kupitia nailoni. Fundo lilikuwa lake.

"Fungua, Baba."

"Nikifungua atatoka mara moja tu. Si umeona ile nyingine? Halafu nibaki na nini?"

"Kwa hiyo unamngojesha tena?"

Mervyn alishika kisu. Alikishika mpaka chai yao ikapoa. Kisha akakiweka chini, akalibeba sanduku kwa mikono miwili hadi rafuni.

"Jumapili," alinong'ona. "Jumapili hii, Coral. Naapa."

Jumapili nne zimepita. Janine huja kila wiki kumpikia baba yake, na kabla ya kuvua koti hupita chumba cha nyuma kuangalia. Kifungo, ambacho siku ile kilikuwa katikati, sasa kimefika ukingoni, penye mshono. Na nailoni imeshika ukungu kwa ndani, kama kioo mtu anapokipumulia.