Jenereta Iliyokaribishwa Ndani

Siku ya kwanza bila umeme, waya wa jenereta ulikuwa umekazwa kutoka uani hadi mlangoni. Siku ya pili, saa nane mchana, mshonaji aliukuta umelegea na kujikunja mbele ya kizingiti. Jenereta ilikuwa imesogea hatua tatu hivi kuelekea nyumbani.

Alijiambia ni mvua. Mvua iliyoangusha nguzo za umeme mtaa mzima itashindwaje kusukuma jenereta? Akaizima kwa dakika chache tu, akairudisha chini ya kibanda cha bati penye ukuta wa uani, mahali alipoonyeshwa na fundi umeme. Fundi yule alikuwa na maneno mengi kuliko nyaya zake, lakini hili alilirudia mara tatu: ikae nje, mbali na milango na madirisha, bomba la moshi litazame kwingine. Moshi ule, alisema, una sumu ambayo pua haiisikii. Mtu hulala asiamke.

Mshonaji alifuata yote. Mama yake alikuwa kitandani, mirija puani, akipewa oksijeni na mashine iliyotegemea waya ule. Bila hiyo asingemaliza robo saa.

Kosa lake lilikuwa mdomo. Miaka mingi ya kushona peke yake ilimzoesha kuongea na vyombo vya kazi. Cherehani aliiamkia kila asubuhi, pasi aliipa pole. Basi siku ya kwanza mvua ilipozidi, aliitania jenereta, "Maskini wee, unalowa. Si uingie ndani tu, mgeni wangu?"

Mama yake alisikia, akauliza anaongea na nani. Alipoambiwa hakucheka. Alimwomba binti yake asikaribishe asichokijua, kisha akafumba macho.

Siku ya tatu, alasiri, mshonaji alikuwa akikata kitambaa pembeni mwa kitanda cha mama aliposikia mngurumo haupo tena uani. Ulikuwa ukutani, kisha chini ya sakafu, ukaja na harufu ya petroli na nywele zilizoungua. Kichwa kikaanza kumgonga. Alifungua dirisha lenye nondo, akatoka mbio kwenye korido, na pale, kati yake na mlango wa pekee wa nyumba, mlango alioufunga kwa komeo kwa mkono wake mwenyewe, na komeo lilikuwa bado mahali pake, jenereta ilikuwa imekaa ikitetemeka, sakafu kavu kabisa kuizunguka, bomba lake la moshi limeelekezwa chumbani kwa mama.

Aliisukuma, haikutikisika. Akanyoosha mkono kwenye swichi, na kutoka ndani ya chuma ikaja sauti ya upole, sauti ya mgeni mwenye adabu.

"Ukinizima, nani atampa mama pumzi?"

Akizima, mama anakufa. Akiacha, wanakufa wote wawili. Alilia kwa hasira, maana alijua ni yeye aliyeikaribisha.

"Zima," mama aliita kutoka chumbani, sauti nyembamba.

"Sizimi, Mama."

"Zima utoke, mwanangu. Mimi nimeshapumua vya kutosha."

Kisha akasikia mirija ikidondoka sakafuni. Mama alikuwa ameivua mwenyewe.

Mshonaji akabonyeza swichi. Mngurumo ukakatika, komeo likafyatuka, korido ikawa tupu. Kupitia mlango uliofunguka aliiona jenereta kule uani chini ya bati, imetulia. Hakutoka. Alikimbia kwa mama, huku akiomba amkute na pumzi moja tu ya kuagana nayo.

Kifua cha mama kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, bila mrija wala mashine. Mshonaji alipiga magoti, akamshukuru Mungu, akainama kumbusu. Hewa iliyotoka puani mwa mama ilikuwa ya moto, na ilinuka petroli.

Macho yakafunguka.

"Funga dirisha," ikasema ile sauti ya upole, kinywani mwa mama.

Mshonaji alijua ni nani anayemwamuru, na alijua mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Alitazama kifua kile kikipanda, kikishuka, kikipanda tena. Akaenda akalifunga dirisha.