Anakula Kwingine

Stendi ya Kibiti siku ya gulio haina adabu. Bodaboda wanapita hata pasipopitika, muuza korosho anakutia mfuko mkononi kabla hujamtazama, na foleni ya choo cha kulipia inazunguka ukuta mpaka kwa mchoma mihogo. Kwenye foleni hiyo ndiko Haruni alikompata mwanamke.

Alikuwa wa mwisho, na utumbo wake ulikuwa umeshatoa onyo la pili. La tatu halingekuwa onyo. Mbele kabisa alisimama mwanamke mwenye dera la zambarau, kilemba kakifunga upande, vidole vimekolea hina, anapiga soga na mlinzi wa choo kama aliyekuja kutembea.

"Dada'angu, niazime zamu yako."

Mwanamke akamtazama kuanzia viatu. "Zamu inaazimwa? Utairudisha lini?"

"Gari inaniacha."

"Gari gani?"

"Ya Mloka."

"Haya pita, kaka. Usije ukaachwa ukanilaumu mie."

Alipotoka alimkuta palepale, mikono kiunoni, anaitazama Coaster ya Mloka. Mlangoni mwa gari konda wake, Mtoro, alikuwa akiwatuliza abiria: dereva kaenda kununua vocha, anakuja sasa hivi.

"Kumbe dereva ni wewe," mwanamke alisema. "Gari ingekuachaje?"

Haruni, Mmatumbi mwenye ulimi mwepesi siku zote, akajifanya anatafuta ufunguo mfukoni. Akacheka. Mwanamke naye akacheka. Safari iliyofuata, kabla hata ya kukagua matairi, Haruni alikuwa mbele ya mgahawa ulio pembeni ya stendi akiulizia jina la mwenye dera la zambarau.

Jina lilikuwa Sikudhani, na mgahawa ulikuwa wake. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, maharage yaliyoungwa mpaka yanang'aa, na pilipili ya kusaga ambayo madereva wa Lindi walikuwa wakiisimamishia magari. Stendi nzima ilikula hapo. Haruni alikaa meza ya karibu na jiko, akaagiza chai ya rangi.

"Na nini?"

"Na wewe."

"Mie siuzwi kwa sahani."

"Basi chai tu, laazizi."

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa chai kavu. Haruni alikuwa na maneno, alikuwa na shati la bluu linalonyooshwa kila siku, na alipiga simu kila alipopata mtandao. Akiwa Mloka anakolala na gari, alimpigia kumsimulia tembo walivyomaliza shamba la mahindi la mtu. Sikudhani alimwita dereva wangu, akamwita mume mtarajiwa, akamwita baba chai. Kitu kimoja tu hakikusogea. Mwanamume huyo hakula chakula chake. Hakula asubuhi, hakula siku za mapumziko, hakula hata alipowekewa sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi.

"Nimeshiba, mpenzi."

"Umeshiba nini?"

"Nimekuona."

Lilichekesha mara ya kwanza.

Ukweli ni kwamba Haruni alikuwa na njaa tangu alfajiri. Siku ya safari hali kitu mpaka afike. Chini ya kiti chake mlikuwa na karatasi za chooni, chupa ya maji, vidonge vya kufunga tumbo na suruali ya akiba, nyeusi kama aliyovaa. Madereva wengine wanajua kona na mashimo ya barabara. Yeye alijua vyoo. Alijua kipi kina maji, kipi mlango wake haufungi, na mwenye kipi anapenda maswali. Alikuwa ametibiwa taifodi mpaka akachoka, akanyweshwa mizizi ya chango na bibi mmoja wa kwao, akaambiwa katupiwa kitu. Tumbo lilisikiliza yote, likaendelea na mambo yake.

Aliyemfungua masikio ni Eufrasia, nesi wa kutoka bara, anayekaa nyumba ya kando ya barabara pale Mkongo, njiani kwenda Mloka. Siku moja Haruni alisimamisha gari hapo akiwa hajui atafika wapi, akaomba choo. Nesi alimpa kopo la maji kwanza, maswali baadaye, kisha akampeleka kupima.

"Huna mdudu, huna kidonda," alimwambia vipimo viliporudi. "Utumbo wako una hasira tu. Ukiwa na wasiwasi unakasirika. Maharage, pilipili, nazi nzito, unakasirika. Hauui. Lakini utaishi nao kama mkwe mkorofi, kwa kumsoma. Na choo changu kiko hapo. Ukifika usibishe hodi ukachelewa."

Tangu hapo Coaster ya Mloka ikawa haipiti Mkongo bila kusimama mbele ya nyumba ya nesi, na nesi hana mume. Abiria wana macho, na safari ni ndefu.

Habari ilifika Kibiti ikiwa imevaa na kupaka wanja. Aliyeipokea ni Zuena, msusi wa jirani na mgahawa, ambaye kichwa cha mteja kikiwa mapajani mwake habari hazimpiti.

"Shoga, nikwambie kitu usinune?"

"Ukisema hivyo nimeshanuna."

"Dereva wako anakula kwingine. Huko Mkongo. Nesi! Anaingia hata hodi hapigi, anatoka anapangusa jasho. Ndiyo maana hapa kwako anakunywa chai."

Hilo lingetosha kumliza mwanamke. Lakini kulikuwa na lingine, na hilo lilimgusa pabaya zaidi. Vijana wa bodaboda walianza kuulizana kwa nini mchumba wa mtu agome kula kwa mchumba wake. Mmoja akasema ni limbwata, mwanamume kashtuka. Mwingine akauliza, kama yeye anayelala na jina lake haonji, sisi tunaonja kwa ushujaa gani? Wakacheka, na kesho yake wakala ng'ambo ya barabara. Madereva wa Lindi wakafuata. Sufuria la wali lilianza kurudi nyumbani na ukoko juu na chini.

Simu ililia Haruni akiwa Mloka anaosha vioo.

"Haruni."

Hakuna dereva wangu, hakuna baba chai. Akaweka kitambaa chini. "Naam, mpenzi."

"Mkongo kuna nini?"

"Mkongo? Kuna... wakulima."

"Na manesi?"

Jibu la kweli lilimfika mdomoni, likakaa hapo. Mwanamume anaweza kumwambia mwanamke kwamba ana mtoto nje, hata kwamba aliwahi kufungwa, na akasamehewa. Lakini aanze vipi kumwambia hili? Na tajiri wa gari akisikia, si atachukua ufunguo wake?

"Huwa nateremka kunywa maji tu."

"Maji! Wali wangu unakushinda, maji ya mwenzangu yanapita?"

"Siku, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miezi yote hii umeshiba." Simu ikakatwa, na namba yake ikafungiwa.

Safari iliyofuata ya kutoka Kibiti, tumbo lilianza kabla ya gari. Ugomvi ulikuwa umeingia mle ndani kama pilipili. Haruni aliendesha amekaza meno, hakumjibu Mtoro, hakumtazama mwanamke mmoja wa kiti cha nyuma aliyepanda Kibiti amejifunika nikabu, macho tu. Mkongo ilipoonekana aliegesha, akazima, akaruka chini. Nyuma yake abiria walishaanza: "Haya, mume kaingia kwake!"

Alikuwa ndani, mlango wa bati ameusindika, aliposikia hodi uani. Haikuwa hodi ya kuomba ruhusa.

"Karibu," sauti ya Eufrasia ilijibu. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Nimemfuata dereva. Yuko chumba gani?"

"Hayuko chumbani. Yuko chooni. Msubiri, leo kapata siku mbaya."

"Chooni anafanya nini?"

"Dada, chooni watu wanafanya nini?"

Ndara zikasogea, zikasimama mbele ya bati.

"Haruni."

"Naam."

"Ndiyo maana huli kwangu?"

"Chakula chako nakiota, Siku. Nikikila, gari haifiki hapa. Utumbo wangu una hasira. Si ugonjwa wa kuambukiza, si uchawi, muulize nesi. Nimekuwa nao miaka."

"Watu wanasema natia dawa kwenye chakula. Wamenihama."

"Nimesikia."

"Umesikia, ukanyamaza?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako nimeivaa mimi, Haruni. Nimetembea nayo stendi nzima."

Humo ndani hapakuwa na pa kukimbilia. Nje honi ililia. Mtoro aliita. Sauti fulani ikapaza, "Mwambieni avae twende!" na gari zima likaangua kicheko.

"Sikudhani," alisema haraka, "nilitaka kuleta posa kwenu. Nilikuwa naogopa. Sinia lingeletwa, wajomba zako wangenitazama, nami nisinyooshe mkono. Bado nataka."

"Unaniposa ukiwa humo?"

"Nikitoka nitaogopa tena."

Ndara ziligeuka, zikaondoka. Haruni alizisikia zikivuka ua na kupotea upande wa barabara, akajua ameachwa. Atachukua bodaboda, atarudi Kibiti, na hana cha kumlaumu. Kisha akasikia sauti yake, ile aliyokuwa akiitumia kuita wateja stendi ilipojaa.

"Jamani! Dereva wenu yuko chooni. Ana tumbo, na ni mchumba wangu. Mwenye haraka atembee!"

Hakuna aliyetembea. Mzee mmoja alikohoa, akauliza kama baada ya dereva pana nafasi. Mama mmoja akataja majani ya mpera. Mwingine akasema shemeji yake ana tatizo hilohilo, na ni karani wa mahakama. Haruni alitoka akawakuta wanabishana kuhusu uji wa mchele, na Sikudhani katikati yao, nikabu imepandishwa, akiwaambia mwacheni apumue kwanza.

Sikudhani akakaa naye mbele. Mtandao uliporudi simu ya Sikudhani ikalia, na sauti ya Zuena ilisikika mpaka viti viwili nyuma.

"Shoga! Kumbe tumbo!"

"Nani kakwambia, Zuena? Hata Mloka hatujafika!"

"Huko kwenye gari watu hawana simu? Hapa vijana wa bodaboda wanasukumiana nani alisema limbwata, wawili wameshaagiza wali. Haya, na dereva kasemaje?"

"Kaniposa."

"Wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango gani?"

"Zuena, mlango ni mlango."

"Ukamjibu nini?"

Sikudhani alimtazama Haruni, na Haruni akatazama barabara kwa bidii.

"Nimemwambia anawe mikono kwanza."

"Hukumwambia," Haruni alisema.

"Namwambia sasa. Umenawa?"

"Kwa sabuni."

Zuena akapiga kigelegele, na akina mama wa viti vya nyuma wakakiitikia kabla hawajajua ni cha nini.