Hodi ya Tatu

Chirau wa Gazi ni mtu aliyetembea. Kapika mjini Salala, kapaka rangi meli Durban, na kote huko akarudi na kitambi tu. Siku hizi huchora watalii pale Diani, kila mmoja akimpa pua kubwa kuliko aliyopewa na Mola, nao hulipa huku wakicheka.

Kazi ya moyoni ilikuwa nyingine: hadithi ya picha juu ya safari ya mashua ya nduguye Kheri, iliyotoka Gazi mwaka juzi isirudi. Chirau alichora. Mishi, mke wa Kheri, alitunga ubeti chini ya kila picha.

*Bahari haina shingo,*
*ningeishika nikaze.*

Mishi hakukubali kukaa eda. Mwili hakuuona, alisema, akae eda ya nani?

"Ukurasa wa mwisho mlete Kheri nyumbani, shemeji. Kwenye karatasi tu."

"Nitamleta na kitambi kama changu, usimjue."

Jumatatu asubuhi, katika kiputo cha maneno alichokiacha kitupu mdomoni mwa Kheri, Chirau alikuta neno. *Hodi.*

"Umeandika wewe?"

"Mimi natunga mashairi, shemeji. Hodi sijaitunga."

Jumanne, picha iliyofuata: *Hodi.* Mashua aliyoichora ikielekea Pemba sasa ilielekea nchi kavu. Wino ulikuwa mbichi. Aliugusa, akalamba kidole. Chumvi.

Kule kwao hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unakwenda zako.

"Ya tatu usiitike," Chirau alinong'ona. "Ikipita kimya ataondoka."

"Aende wapi?"

"Niahidi tu."

"Nimekuahidi."

Jumatano alizifungia karatasi sandukuni kwake, kisha baada ya adhuhuri akaenda kukaa na Mishi, aulinde mdomo wake. Mishi alikuwa anachemsha muhogo. Chirau akamsimulia, kwa mara ya mia, siku aliyotia sukari kwenye supu ya tajiri wa Salala. Mishi alicheka kidogo.

"Hodi."

Ilitoka mlangoni. Sauti ya kawaida, kama ya jirani mwenye mafua.

Mishi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alitimiza ahadi.

"Karibu, karibu ndani."

Aliyesema ni Chirau. Adabu ya miaka hamsini ilimtangulia mwenyewe.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mishi alimtazama. Hakumlaumu. Aliinuka akatoa sahani ya pili.

"Nenda nyumbani, shemeji," alinong'ona. "Mwenyewe amefika."

Miguu ya Chirau ilimtoa. Mpaka leo anaichukia.

Asubuhi mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Chirau na majirani waliuvunja. Sahani zote mbili zilikuwa zimeliwa zikaisha. Mishi hayupo. Kule sandukuni, kwenye picha, mashua haikuwa na mtu.

Godoro lilikuwa limelowa maji ya bahari, upande wa ukutani tu, alipokuwa akilala Kheri. Chirau alilitoa uani. Huu ni mwezi wa tano hulianika, huligeuza, jua la Gazi linapasua kichwa. Halijakauka. Na tangu juzi, upande wa pili nao umeanza kulowa.