Santuri Iliyooshwa kwa Spiriti

"Usiniambie umeiosha na spiriti!"

Gichuru alisimama mlangoni kwa mzee Taranjit Singh, mkusanyaji wa santuri za kitambo, kule Muthangari, ameikumbatia santuri kifuani, macho mekundu.

"Nimekuuliza, Gichuru. Spiriti?"

"Na maji kidogo, mzee. Vile mimi huosha zote."

"Zote za plastiki! Hii ni ya kitambo, kijana. Imetengenezwa na ile kitu mafundi wa mbao hupaka viti ving'ae. Spiriti inaiyeyusha! Lete nione."

Taranjit aliichukua, akaipeleka dirishani. Upande wa kwanza ulikuwa umepauka, mistari yake imelala kabisa. Alipitisha kidole, kidole kikatoka cheusi.

"Hii imeenda," akasema. "Na upande wa pili?"

"Sikuugusa. Lakini upande wa pili ni gitaa tupu, baba mkwe mwenyewe alisema. Mama yake Lornah aliimba upande huu tu."

"Hakuna nyingine mahali popote?"

"Kungekuwa na nyingine ningekuja kulia kwako?"

Sasa nikueleze huyu Gichuru ni nani, maana ukimwona hivi utadhani ni mwanagenzi. Alikuwa na kiduka cha santuri za jazi na bluzi katika kichochoro karibu na Biashara Street, na mji mzima wa wapenda muziki ulimwamini. Ukiingia umekasirika, anakupa tarumbeta. Ukiingia umeachwa, anakutazama kwanza, kisha anakuchagulia mwanamke wa bluzi aliyeachwa kukuzidi. Hakukosea. Na kwa sababu hakukosea, alikuwa ameacha kuuliza watu wengine chochote.

Lornah aliingia dukani siku ya mvua kutafuta mashine ya kucheza santuri za kitambo. Gichuru hakuwa nayo. Akamwazima bluzi moja ya plastiki na mashine ya kawaida, akamwambia, "Nenda uisikize, ukirudi uniambie ni wimbo gani umekuliza." Lornah akacheka, kicheko kile cha kuanza juu na kukatikia puani, na Gichuru akawa amekwisha. Alimpa santuri moja baada ya nyingine mpaka ikabidi ampe pete ya uchumba.

Mashine ile Lornah aliitafutia wimbo wa mama yake. Mama huyo, Mbithe, alifariki Lornah akiwa bado ananyonya. Katika ujana wake alirekodi santuri moja tu, mumewe Nzomo akipiga gitaa. Mzee Nzomo alikataa katakata ichezwe. Alisema itachezwa siku ya harusi ya binti yake, kabla ya kiapo, ili mama amwimbie mtoto wake. Kwa hiyo Lornah alipitisha miaka thelathini bila kuisikia sauti ya mama yake hata mara moja. Harusi ilipokaribia, alimpa Gichuru aipanguse vumbi tu. Kuipangusa tu, jamani! Ungedhani angemuuliza Taranjit kwanza, lakini mtaalamu atauliza vipi?

Simu ya Gichuru ikalia pale pale sebuleni kwa Taranjit. Lornah.

"Sasa, mpenzi. Umeshaisafisha?"

Gichuru alimtazama Taranjit. Mzee akamwashiria kwa kidevu: sema.

"Nimeisafisha. Imetoka poa."

"Gichu, naogopa. Je, nikiisikia nisiijue? Mtu anaweza kosa kujua sauti ya mamake?"

"Utaijua."

"Wewe ndiye unajua sauti za watu. Nikikwama utaniambia, sindio?"

"Nitakuambia."

Akakata simu.

"Umemdanganya," Taranjit akasema.

"Nitamwambia jioni. Mzee, kuna ile santuri yako ya dada asiye na jina, anaimba Kiswahili polepole na gitaa moja. Niazime."

"Ya nini?"

"Niisikize tu. Moyo umenilemea."

Taranjit akampa, na mashine ndogo ya kuichezea. Hawa watu wa santuri hawamnyimi muziki mtu aliyefiwa, na kijana yule alionekana kama amefiwa.

Jioni ikafika, Gichuru hakusema. Aliloweka karatasi ya katikati ya santuri ya Mbithe, ile yenye jina lake, kwa maji ya uvuguvugu, akaibandua na kuibandika kwenye ile ya Taranjit. Alikuwa ameichagua sauti ile kama anavyowachagulia wateja wake: mwanamke wa Kenya, kijana, mwenye huzuni kidogo. Lornah angeipenda. Hilo ndilo lililomtisha.

Ujumbe wa Lornah ukaingia: "Baba amenunua betri mpya za mashine ya masikio. Suti ameipiga pasi mwenyewe amekataa kusaidiwa. Nakupenda."

Gichuru akaandika: "Lornah kuna kitu lazima nikwambie." Akafuta. Akaandika: "Nakupenda pia."

Jumamosi ikafika. Hema lilisimamishwa Mutuini, kwa mzee Nzomo, kati ya shamba la sukuma wiki na nyumba mpya za kupangisha. Taranjit alikuja na mashine yake kubwa na kilemba cha rangi ya damu ya mzee, waya wa umeme ukapitishwa dirishani. Pasta akatangaza kwamba kabla ya kiapo mama wa bibi harusi ataimba. Watu wakapiga vigelegele. Gichuru akamkabidhi Taranjit santuri.

Taranjit aliigeuza mara moja tu.

"Gichuru," akanong'ona. "Hii ni yangu. Naijua kwa huu mkwaruzo."

"Mzee, nakuomba. Akijua ataniacha."

"Na asipojua?"

Gichuru akageuza macho kwa Lornah.

"Basi sindano utaweka wewe," Taranjit akasema. "Mimi siwezi." Akarudi nyuma ya mashine, akaitazama ardhi.

Gichuru akaweka sindano. Kelele za vumbi zilisikika kwanza, kisha gitaa, kisha mwanamke akaanza kuimba. Lornah akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama," akasema. "Mama, woiye."

Shangazi zake wakaanza kulia. Mzee Nzomo akainuka na mkongojo wake, akaenda hadi kwenye spika, akavua kofia na kuinamisha sikio.

"Baba, ndiye?" Lornah akamuuliza kwa sauti kubwa. "Ndiye huyu?"

Mzee alisikiliza kwa muda mrefu.

"Masikio yangu yameharibika, mwanangu. Lakini nadhani... Eeh. Ndiye." Akaipapasa spika kama mtu anayempapasa mtu bega. "Mbithe, mtoto wako ndiye huyu. Amekuwa mkubwa."

Gichuru alimwona mzee akimlilia mwanamke asiyemjua. Akainyanyua sindano.

"Mbona umetoa?" Lornah akauliza. "Rudisha!"

"Si yeye."

"Ati nini?"

"Si mama yako, Lornah. Ya mama yako niliiharibu. Niliiosha na spiriti ikayeyuka. Hii ni ya mtu mwingine, nimebandika jina juu yake."

Lornah alimsogelea polepole, shela ikiburutika kwenye nyasi.

"Uliniambia kwa simu imetoka poa."

"Nilikudanganya."

"Kuharibu uliharibu, sawa, ni bahati mbaya. Lakini hii?" Alionyesha mashine. "Ningeishi na wewe, nizae na wewe, niwaimbie watoto wako wimbo wa mtu simjui, nikiwaambia huyo ni nyanya yenu. Na wewe umekaa hapo kando unaniangalia?"

"Nilidhani ningeweza."

"Baba yangu amemsalimia, Gichuru! Amemsalimia mtu baki mbele ya watu!"

"Lornah, nilikuwa naogopa kukupoteza..."

"Haya, umenipoteza."

Akaivua pete, akamtia mkononi na kumfumba vidole.

"Wanasema nini?" mzee Nzomo akauliza. Lornah akamwinamia, akalazimika kupaza sauti ili asikie, na maneno hayo yaliwauma hata wapishi waliokuwa nyuma ya nyumba.

"Sauti ya Mama imeharibika, Baba! Haipo tena!"

Mzee akaketi. Akaivaa kofia, akaivua tena.

"Na upande wa pili?"

"Ulisema ni gitaa tupu!"

"Gitaa langu, ndiyo. Wekeni basi. Suti nimeshavaa."

Taranjit alimtazama Gichuru. Gichuru akakimbia, akatoa santuri ya Mbithe kwenye buti la gari la rafiki yake. Hakuwa amepata ujasiri wa kuitupa. Taranjit akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akaigeuza, safari hii akaweka sindano mwenyewe.

Gitaa likaanza, la kijana mwenye haraka. Lornah alisimama amewapa wote mgongo. Gitaa likapanda, likashuka, likapanda tena, kisha kidole kikateleza, noti mbovu ikatoka. Na hapo karibu na kipaza sauti mwanamke akaangua kicheko.

"Nzomo! Umekosea tena!"

Akacheka zaidi, kicheko cha kuanza juu na kukatikia puani. Gitaa likaendelea kwa aibu mpaka mwisho.

Lornah aligeuka. Hakuuliza mtu huyo ni nani. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Baba! Anakucheka!"

"Nani?"

"Mama! Anasema umekosea tena!"

Mzee akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Nilikosea," akasema. "Aki nilikosea. Niliwaomba turudie, wakasema muda umekwisha. Nilikuwa nimesahau." Akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye tai.

"Rudisha mwanzo, mzee," Lornah akamwambia Taranjit. Taranjit akarudisha. Akarudisha tena. Lornah akapiga magoti mbele ya spika na gauni lake jeupe, na kila mara mama yake alipocheka, naye alicheka, akalia, hata zile sauti mbili hukuweza kuzitenganisha.

Gichuru alisogea hatua moja.

"Lornah..."

"Enda nyumbani, Gichuru."

Akaenda. Harusi haikufungwa siku ile. Wageni walikula pilau kimya kimya, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa.

Gichuru alirudi dukani, lakini mteja akimuuliza asikize nini, alimjibu, "Sijui. Chagua mwenyewe." Hakupiga simu, hakutuma watu wa kumwombea. Pete aliiweka mfukoni, akawa anaigusa kila saa kuona kama ipo.

Miezi ilipita. Siku moja mchana simu ikatetemeka juu ya kaunta: Lornah.

"Baba anataka santuri ihamishwe kwa CD. Unajua mtu?"

Gichuru akajibu: "Mzee Taranjit. Mimi sitaigusa. Lornah nilitaka kukudanganya mpaka nife. Sina cha kujitetea."

Akauza santuri moja, akakosea kurudisha chenji. Akafunga duka, akalifungua tena. Jua lilikuwa limeanza kuondoka kichochoroni simu ilipotetemeka mara ya pili.

"Hilo ndilo nilikuwa nangoja useme. Kuja Mutuini. Lete pete."

Kabla hajamaliza kusoma, ukaingia mwingine.

"Na usiioshe."