Siku Tisa za Mpimaji

Mpimaji alikuwa wa tatu kwenye foleni ya vifurushi, na foleni haikusogea. Ukumbi ulijaa watu wenye miavuli inayochuruzika, na mbele yao kijana mrefu, shati la bluu halijapigwa pasi, alikuwa amelikumbatia boksi dogo huku karani akimnyooshea mkono.

"Kaka, hapa kila kitu kinafunguliwa. Nisipoona kilichomo, hakitoki."

"Ukikiona kitakuwa kimeshaharibika. Ni kemikali. Mwanga unaiua."

"Basi itabaki hapa ife salama."

Watu wakaanza kuguna. Mpimaji akavua koti lake la mvua, zito na jeusi, akalitandaza juu ya kaunta, kisha akatoa mkobani taa ndogo nyekundu. "Mzee wangu, ingiza kichwa humu, umulike na hii. Mwanga wake hautaidhuru."

Karani akamtazama, akaitazama foleni, akaingiza kichwa. Ukumbi mzima ukacheka. Alipotoka, miwani imekaa upande, aligonga mhuri.

Nje, chini ya paa, kijana alimsubiri. "Nani anatembea na taa nyekundu mkobani?"

"Mtu anayefanya kazi gizani."

"Mwizi?"

"Mpimaji. Napima umeme unaopita kwenye molekuli moja."

Kijana akasimama pale pale. "Kwa Profesa? Chini ya jengo la fizikia?"

"Huko huko."

"Basi molekuli zenyewe nimekuja kukutengenezea mimi. Nimeanza kazi jana."

Tangu siku hiyo wakaitana Mkemia na Mpimaji, kwanza kwa utani, baadaye kwa mapenzi.

Mkemia alimpeleka kwenye maabara yake ghorofani akamwonyesha chupa ya maji meupe kama ya kunywa. Aliimulika kwa taa ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho, na maji yakageuka bluu nzito. Akawasha mwanga wa kijani, yakarudi meupe. "Ikiwa bluu inapitisha umeme," alisema. "Ikiwa nyeupe, inakataa. Swichi ndogo kuliko zote."

"Hiyo ni ya chupani," alisema Mpimaji. "Kwangu ni kwingine."

Kwake kulikuwa chumba kisicho na dirisha, mashine imekaa juu ya meza nzito isiyotikisika. Waya wa dhahabu, mwembamba kuliko unywele, ulilazwa juu ya bamba dogo la chuma. Bamba lilipindwa taratibu mpaka waya ukakatika, na katika ule mwanya molekuli moja ikanasa, ikishika dhahabu huku na huku. Mwanga ulipowaka, mstari kwenye skrini ndio uliosema umeme unapita au umekata. Simu hazikuruhusiwa mle ndani, kwa hiyo kila alipotoka alikuta za Mkemia zimemsubiri.

"Nimepiga mara nne," Mkemia angelalamika. "Nilidhani umekufa."

"Nikifa, dada atakupigia."

"Dada yako hanipendi."

"Dada hampendi mtu anayekula kwetu akaondoka bila kuosha sahani."

"Leo nitaosha mpaka za jirani, mpenzi. Toka huko shimoni."

Mkataba wa Mkemia ulikuwa wa mwaka mmoja. Ungeongezwa kama makala yao ingekubaliwa na jarida, na Mkemia aliiandika haraka haraka. Mpimaji alikuwa ameshaona mara nyingi mwanga wa kijani ukikata umeme. Taa ya urujuanimno ya kuurudisha, inayofaa mashine ile, ilikuwa bado njiani. Lakini Mkemia aliandika kwamba unarudi, maana chupani ile bluu ilikuwa imerudi mara mia. Mpimaji aliisoma ile sentensi, akasita, akanyamaza. Makala ikaenda.

Taa ilifika Jumatano. Aliwasha mwanga wa kijani, mstari ukashuka kama siku zote. Akawasha urujuanimno. Mstari haukupanda. Alibadilisha waya, akasafisha kila kitu, akarudia. Siku ya pili alipata jibu lile lile mara thelathini, akaliandika kwenye daftari la maabara, tarehe na saa.

"Vipi leo, mpenzi?" Mkemia aliuliza jioni.

"Bado naweka mitambo sawa."

Alijibu hivyo siku ya tatu, ya nne, na zilizofuata. Siku ya nane walikuwa wanashuka ngazi pamoja Mkemia alipomshika kiwiko. "Jumapili mama anakuja mjini. Nataka akuone. Vaa lile gauni la kijani." Alisema kwa haya, macho kwenye viatu, na Mpimaji akashindwa kufungua mdomo.

Siku ya tisa Profesa alilifungua lile daftari mwenyewe. Kwenye kikao, mbele ya watu kumi na wawili, akamuuliza Mkemia kwa upole kwa nini makala yao inasema jambo ambalo maabara yao inalikanusha.

Mkemia alimkuta Mpimaji kwenye korido. "Siku ngapi?"

"Tisa."

"Siku tisa unakula na mimi, unacheka na mimi."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Ulihakikisha siku ya pili. Daftari nimelisoma. Hizo saba nyingine ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa kukuona hivi ulivyo sasa."

Mkemia aligeuka kuondoka. "Profesa anasema makala mpya itaanza na jina lako. Hongera, bibie." Mpimaji hakuwa na habari hiyo, na kabla hajasema hivyo mwenzake alikuwa ameshafika mlangoni.

Mpimaji alimpigia simu siku hiyo na kesho yake. Iliita mpaka ikachoka. Jumapili gauni la kijani lilibaki kwenye hanga, na dada yake, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alilirudisha kabatini bila kuuliza. Mwezi ukapita, na wa pili. Mkemia aliiandikia barua jarida mwenyewe, akaiondoa makala yake. Mkataba haukuongezwa. Walipokutana uani walisalimiana kama watu wanaogombana na bado wana adabu.

Siku moja mchana, mvua inanyesha, mlango wa shimoni ukagongwa. Mkemia alikuwa amekonda, kola ya shati imemlegea shingoni.

"Nionyeshe," alisema.

Walikaa gizani, mabega yakigusana kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi ya kufanya vingine. Mpimaji alimwachia vitufe. Mwanga wa kijani: mstari ukaanguka. Urujuanimno: mstari ukabaki chini. Wakabadilisha waya, wakarudia. Mara ya sita Mkemia aliondoa mkono.

"Dhahabu inameza ile nguvu ya mwanga," alisema taratibu. "Molekuli haipati muda wa kugeuka."

"Nami nadhani hivyo."

"Nilidhani umenizunguka ili upate jina."

"Najua ulivyodhani."

"Ulipaswa kuniambia siku ya pili."

"Nilipaswa. Na ile sentensi niliiona kabla haijatumwa. Hilo nalo sikukwambia."

Alipumua kwa nguvu. "Sentensi niliiandika mimi. Niliandika nisichokiona." Akautafuta mkono wake gizani, akaushika. Mpimaji alilia bila sauti, naye akamwacha alie.

"Nimepata kazi kiwanda cha rangi," Mkemia alisema baadaye. "Ni safari ya siku mbili. Naondoka kesho asubuhi." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Twende."

"Nimebakiza mwaka na nusu hapa. Nikiondoka sasa, hakuna wa kuimaliza kazi."

"Najua."

"Baki wewe."

"Nibaki nikifanya nini, mpenzi? Kila mtu jengo hili alikuwa kwenye kile kikao."

Mkemia alimbusu kwenye paji la uso, akapapasa ukuta mpaka akaufikia mlango.

Mwanzoni alipiga simu kila jioni, akasimulia mapipa ya rangi na mwenye nyumba anayekoroma. Baadaye ikawa Jumapili kwa Jumapili, kisha salamu za maandishi. Hawakugombana tena.

Makala mpya ilitoka baada ya mwaka. Mpimaji alimtumia. Jibu lilifika akiwa jikoni na dada yake: "Nimeisoma yote. Kila neno ni kweli. Mama anakusalimia."

Dada akafuta mikono, akaomba simu aione hiyo makala. Alijaribu kusoma kichwa cha habari, ulimi ukamkwama, akakiacha. "Wewe uko wapi hapa?"

"Jina la kwanza."

"Na yeye?"

"La pili."

Dada aliyatazama yale majina mawili kwa muda mrefu. "Basi mmekaa pamoja."

"Humo tu," alisema Mpimaji.